Elfu Arobaini za Mwalimu

Leo tunaongea kuhusu deni. Najua ukilisikia neno hilo saa hizi, ugali uko jikoni, mkono unanyooka kutafuta stesheni yenye muziki. Vumilia kidogo. Sikuja kukusema; waliokwisha kukusema wanatosha.

Tumchukue mwalimu wa sekondari, hapa Dar es Salaam. Mwalimu mwenyewe ni wa kubuni, ila makato yake siyo ya kubuni, na wengi mnaonisikiliza mnayajua kwa moyo. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,250,000. Sasa tuifungue hati ya mshahara. Mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5, unachukua 62,500. Kodi ya mapato, ikishahesabiwa baada ya kutoa hiyo ya pensheni, 184,250. Bima ya afya, asilimia 3, ni 37,500, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 187,500. Chama cha wafanyakazi, asilimia 2, 25,000. Hapo hajanunua hata sukari, na zimeshaondoka 496,750. Zimebaki 753,250.

Kisha inakuja nyumba. Mwalimu alikuwa na kiwanja chake Chanika, hati anayo, kuta zimesimama mpaka kwenye linta, na majani yameota sebuleni. Mnazijua nyumba hizo, ziko kila mtaa. Benki ikampa milioni 24 za kumalizia, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, muda wa miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni kama 333,900. Toa hiyo, na kinachomfikia mkononi ni 419,350.

Benki haikuishia hapo kwa huruma. Mtumishi wa umma nchini kwetu, makato yake yote yakijumlishwa, anatakiwa abaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Theluthi ya mwalimu wetu ni 416,667. Kwa hiyo benki ilikopesha mpaka ukingoni kabisa, ikaacha kama 2,700 juu ya mstari. Wenzetu wa Kenya wanayo kanuni inayofanana na hii, imo kwenye Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: makato yasizidi theluthi mbili ya ujira.

Mimi theluthi hiyo naiheshimu sana. Watu wengi wanaichukulia kama kikwazo, kitu kinachowazuia kukopa zaidi. Nakuomba uitazame kwa upande wa pili. Ni miongoni mwa mahali pachache sana ambapo karatasi ya serikali imekubali kwamba anayelipa deni ana tumbo, anaumwa, anavaa viatu, na mtoto wake anaanza shule Januari. Aliyeitunga aliona jambo ambalo sisi wenyewe tunalisahau tukishatia sahihi: rejesho linatoka kwenye mwili wa mtu anayeamka asubuhi kwenda kazini. Mwili huo ukilala wodini miezi mitatu, hesabu zote za benki zinaharibika.

Sasa tatizo ni kwamba theluthi hiyo tunaiuza wenyewe. Mshahara ukishagota kwenye mstari, benki imekataa kuongeza, na shida haijaisha, mtu anakwenda kwa wale jamaa. Mtaani tumewapa jina tayari, kausha damu. Anakwenda kwenye chumba kimoja chenye meza na daftari, anakopa 200,000 za haraka, na badala ya dhamana anaacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mwenye daftari anatangulia yeye kwenye mashine, anachukua chake, halafu ndipo mwenye mshahara anaitwa aje achukue kilichobaki. Mtu mzima, mwenye shahada, anasubiri kwenye benchi apewe mshahara wake mwenyewe. Fedheha hiyo haimo kwenye hesabu ya riba, lakini usiku ndiyo inayokukosesha usingizi.

Riba nayo tuihesabu. Tuseme ni asilimia 20 kwa mwezi, maana hizo zipo na zinazozidi hapo zipo. Kwa 200,000 riba ni 40,000 kila mwezi. Mwalimu hana 240,000 za kulipa kwa mkupuo, kwa hiyo analipa riba tu, 40,000, na deni linabaki pale pale. Mwaka ukipita ametoa 480,000 na bado anadaiwa 200,000 zile zile. Wengine wanakopa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wengi wetu tunakumbuka jinsi baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni walivyokuwa wakiwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako, shemeji, mkuu wa shule, mchungaji, kwamba wewe ni mdaiwa sugu.

Ishike hiyo 40,000, msikilizaji. Nitairudia.

Twende kwenye mkopo wa nyumba. Mwezi wa kwanza, katika ile 333,900 ya mwalimu, riba peke yake ni 320,000. Kinachopunguza deni lenyewe ni 13,900 tu. Mwezi wa pili ni hivyo hivyo, imeongezeka kidogo sana. Baada ya miaka 5 mwalimu atakuwa ameshalipa zaidi ya milioni 20. Anakwenda benki kuomba taarifa ya mkopo, roho imetulia, akijua amekata mbali. Anaambiwa salio ni kama milioni 22.7. Nusu ya deni ataifikia karibu na mwaka wa 16. Jumla ya atakacholipa kwa miaka yote 20 ni kama milioni 80, kwa kukopa milioni 24.

Hakuna aliyemwibia. Ndivyo mkopo wa marejesho sawa unavyokwenda: riba inahesabiwa kwenye salio, na mwanzoni salio ni kubwa. Lakini hakuna aliyemweleza pia, na mtu asiyeelezwa anajilaumu. Anadhani ni yeye asiyejua kupanga fedha, aliyekula sana, aliyesaidia sana ndugu. Hasira zinahamia nyumbani. Ndiyo maana nasema taarifa ya mkopo iombwe mapema, na uombe lile jedwali linaloonyesha kila mwezi riba ni kiasi gani na deni linapungua kwa kiasi gani. Siku ukilisoma utakosa raha, sikufichi. Ila ni afadhali ukose raha siku moja kwa kujua kuliko miaka mitano kwa kushangaa.

Na jedwali hilo hilo lina habari njema ndani yake. Mwalimu akiongeza 40,000 kila mwezi juu ya rejesho, na benki ikaipeleka moja kwa moja kupunguza deni, mkopo wa miaka 20 unakwisha baada ya miaka 12 na miezi michache. Badala ya milioni 80 analipa milioni 55 hivi. Milioni 25 zinabaki mfukoni mwake. Elfu arobaini tu, sawa na ile anayompelekea mwenye daftari kwa mkopo wa 200,000.

Hapa ndipo washauri wengi wa fedha, wa kwenye semina na wa kwenye simu, wanapokurupuka. Jinyime! Acha nyama! Acha chai ya kazini! Tembea kwa miguu! Fanya kazi tatu, lala kwa saa nne tu, umalize nyumba kwa miaka mitano! Wanapigiwa makofi, na watu wanakwenda nyumbani kujaribu.

Mimi siwapigii makofi. Chukua ile 419,350 ugawe kwa siku 30. Unapata chini kidogo ya 14,000 kwa siku, kwa nauli, chakula cha watoto na cha wakubwa, umeme wa LUKU, maji, sabuni, sare na dawa. Kwenye fedha hiyo ukikata 40,000 kwa nguvu, hukati anasa. Anasa ilishakatika zamani. Unakata maharage, unakata dawa za presha za wiki ya mwisho wa mwezi. Na dawa za presha ndizo za kwanza kukatwa, nimeona nyumba kadhaa, kwa sababu mtu wa presha mara nyingi hasikii maumivu yoyote. Anajiambia mwezi huu niruke, mbona niko sawa. Presha haikupigii simu kama programu za mikopo, haikutumii ujumbe wa vitisho. Inakaa kimya mpaka siku unapooza upande mmoja, na hapo rejesho la nani tena?

Kwa hiyo mwalimu wetu hiyo 40,000 ataitoa wapi? Kwanza, kwa mwenye daftari. Deni la asilimia 20 kwa mwezi haliwezi kukaa pamoja na deni la asilimia 16 kwa mwaka halafu ukaanza kulishughulikia la mwaka. Hata kama inabidi akope 200,000 kwenye SACCOS yake au kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani, kwa riba ya kistaarabu, alipe yule mtu mara moja, achukue kadi yake, na siku hiyo hiyo abadilishe namba ya siri. Akimaliza kuurudisha mkopo huo, ile 40,000 iliyokuwa ikikwenda kwenye daftari ni yake. Hakupunguza hata kijiko cha mafuta nyumbani.

Pili, aangalie lile deni la Bodi ya Mikopo. Watu wengi wanalichukia kuliko yote kwa sababu asilimia 15 inaonekana kila mwezi. Lakini kumbuka kwamba mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa. Leo deni hilo linashuka tu, halipandi. Kwa hiyo usiharakishe kulilipa kwa fedha za ziada huku una mkopo wa nyumba wa asilimia 16. Liache likatwe taratibu. Litakwisha. Na mwezi litakapokwisha, hati ya mshahara ya mwalimu itapata 187,500 kwa mpigo.

Mwezi huo ni wa hatari. Fedha hiyo ikikaa kwenye akaunti siku tatu bila kazi, itapata kazi yenyewe: televisheni kubwa, mkopo mpya, harusi ya binamu. Ushauri wangu ni kwamba uamuzi ufanyike kabla, ukiwa bado hujaizoea. Sehemu iende kwenye mkopo wa nyumba. Sehemu ibaki kwa mwalimu mwenyewe, na ninaposema mwenyewe simaanishi watoto wala mama kijijini, ambao najua hawasahau kupiga simu. Namaanisha kitanda kizuri cha mtu anayesimama darasani kutwa. Miwani ya kusahihishia madaftari. Jino lililokuwa likisubiri. Likizo ya kwenda Tanga siku chache kumwona shangazi na kula samaki. Mtu aliyejinyima miaka minane na hakupata chochote siku mzigo ulipopungua, huyo ndiye anayekwenda kukopa tena kwa hasira.

Kabla mwezi huo haujafika, kama huna cha kuongeza, mkopo wa nyumba uende kwa mwendo wake. Hili nalisema kwa sababu watu wanajiona wameshindwa wakilipa rejesho la kawaida bila kuongeza kitu. Kulipa rejesho kamili kila mwezi, kwa tarehe, miaka nenda rudi, si jambo dogo. Na mshahara hausimami: mtu anapanda daraja, inakuja nyongeza ya mwaka, wakati rejesho, kama riba yako haibadiliki, linabaki lile lile. Rejesho linalokubana leo halitakubana hivyo mwaka wa kumi. Lakini uliza kama riba yako kweli haibadiliki. Mikopo mingine mkataba unairuhusu benki kuipandisha, na kifungu hicho hakikai ukurasa wa kwanza.

Kuna tuisheni pia. Najua. Mshahara hautoshi, mwalimu anafundisha tuisheni jioni, Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Mwingine ana bodaboda, mwingine anauza vitenge kwenye magrupu. Sina neno na kazi ya ziada, nchi hii nusu yake inaendeshwa na kazi za ziada. Ninachoomba ni jioni moja katika wiki isiyouzwa. Jioni moja ambayo hakuna mwanafunzi, hakuna mteja, simu iko chumbani, na wewe umekaa barazani na wenzako mnabishana kuhusu Simba na Yanga. Haigharimu kitu, na ndiyo ya kwanza tunayoiuza tukibanwa.

Michango nayo ni habari nyingine ndefu. Kadi ya mchango inafika, jina lako limeandikwa kwa kalamu nzuri, kamati imeshakupangia kiasi. Ukitoa kidogo unaona aibu, usipotoa unaacha kwenda, ukiacha kwenda mara tatu unaanza kuishi peke yako. Madeni yanawatenga watu kwa njia hiyo, kimyakimya. Nenda, ndugu yangu. Mpigie mwenyekiti wa kamati, mwambie mwaka huu uwezo wangu ni 20,000, naomba nipangiwe kazi. Watu wa kupokea wageni na kupanga viti hawatoshi kwenye harusi yoyote niliyohudhuria. Atakayekucheka kwa hilo, basi hata ungetoa 200,000 angepata la kukucheka.

Mwenzi wako naye ajue. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mume au mke, na benki inayofuata utaratibu itataka sahihi yake. Lakini sahihi moja ya siku ile haitoshi. Madeni yanayofichwa baada ya hapo, ya kwenye simu, ya kwa mwenye daftari, ndiyo yanayovunja nyumba. Nimewasikia wanandoa wakisema wangevumilia umaskini, ila hawakuvumilia kuambiwa na mtu wa nje. Kaeni mezani mara moja kwa mwezi, hati ya mshahara iko wazi, kila deni limetajwa kwa jina. Dakika 20 zinatosha. Na asiwepo wa kupandisha sauti. Akipandisha, mahesabu yaahirishwe hadi kesho.

Siku mambo yakikwama, maana yanaweza kukwama, umeumwa, mshahara umechelewa, au kazi ya mwenzi imekwisha, usikimbie simu ya benki. Wewe ndiye uwapigie, kabla ya rejesho la kwanza kukosekana. Mkopo unaweza kupangwa upya, muda ukarefushwa, rejesho likapungua. Afisa mikopo anamsikiliza mtu aliyekuja mwenyewe kuliko aliyetafutwa miezi minne. Kuuzwa kwa nyumba hakuanzi na mnada. Kunaanza na notisi ya maandishi, na notisi hiyo inahitaji kusomwa, haihitaji kufichwa chini ya godoro.

Sasa, wewe unayelipa nyumba, wiki hii nakuomba utoke mara moja tu. Nenda tawi lako la benki, uombe taarifa ya mkopo na lile jedwali la marejesho. Umwulize afisa maswali matatu. Nikileta fedha ya ziada, inapunguza deni lenyewe au inahesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao? Kuna tozo ya kulipa kabla ya wakati? Na bima iliyowekwa kwenye mkopo huu inalipa nikifa tu, au hata nikipata ulemavu wa kudumu? Majibu uyaombe kwa maandishi.

Ukitoka hapo usirudi nyumbani moja kwa moja. Kama mshahara wako unakatwa bima ya afya, kadi unayo, mwezi huu imeshalipiwa na wewe na mwajiri wako. Pitia kituo cha afya kilicho karibu, kunja mkono wa shati, upimwe presha. Kama ulishaandikiwa dawa na umeziacha, mwambie daktari ukweli kwamba umeziacha, na kwamba sababu ilikuwa fedha.